Kadi Ipo, Dawa Haipo: Kwa Nini Mfuko wa Afya wa Kijiji Hufia Zahanatini

Ukipita Nyakach, Ugenya, Butere au Webuye, huko magharibi mwa Kenya, na kuuliza ni kikundi gani ambacho hakijawahi kuvunjika, mara nyingi utatajiwa kile cha mazishi. Msiba ukitokea kila mwanachama anatoa mia mbili au mia tatu, sufuria kubwa na viti vya plastiki vinatoka kwa mhazini, na anayekwepa misiba ya wenzake anajua kwamba wake utakuwa na watu wa kuhesabika. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwafundisha hayo. Sasa waambie watu hao hao waanzishe kikundi cha kulipia matibabu. Mwaka wa kwanza watajaa. Mwaka wa pili nusu yao hawaonekani, na wa tatu mwenyekiti anabaki na daftari na muhuri.

Wapangaji wa miradi wakiona hivyo husema wanakijiji hawaielewi bima. Mimi naona wanaielewa sana. Kikundi cha mazishi ni bima kamili: wengi wanachanga kidogo kidogo ili mmoja asiangamie kwa gharama ambayo hakuna ajuaye itamwangukia nani na lini. Tofauti ni kwamba ukichangia mazishi, unakiona ulichokilipia. Jeneza lilikuja, watu walikula, marehemu alistiriwa. Ukichangia matibabu, unalipa mwaka mzima, halafu siku mtoto anapochemka unafika zahanati na kuambiwa dawa haipo.

Kwa hiyo swali la bima ya afya ya jamii na swali la ubora wa zahanati ni swali moja, ingawa kwenye ripoti na warsha huwa yanawekwa vikao tofauti.

Mia mbili kwa elfu ishirini

Wakenya tulizoea matibabu ya nje ya bure katika vituo vya serikali tangu 1965. Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimebanwa na madeni. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikuwa wamekutana Bamako, Mali, wakakubaliana kwamba jamii zichangie gharama za dawa na zipewe nafasi ya kusimamia vituo vyao. Kuchangia kulifika vijijini haraka. Kusimamia kulichelewa njiani, na mpaka leo sina hakika kama kumefika.

Mwaka 2004 ada ya zahanati ikashushwa hadi shilingi 10 na ya kituo cha afya hadi 20. Juni 2013 zikafutwa zote katika ngazi hizo mbili, na kujifungua katika vituo vya umma kukawa bure pia. Mtu anaweza kuuliza, kama zahanati ni bure, bima ya nini? Ni kwa sababu gharama inayoifilisi familia haipatikani zahanati. Inapatikana hospitali: kulazwa, upasuaji, gari la kumpeleka mgonjwa usiku, na dawa ulizoandikiwa uende ukanunue mwenyewe kwenye kemisti. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa, shamba hukodishwa, na familia huitisha harambee.

Mfuko wa jamii ulibuniwa kuziba pengo hilo. Kanuni zake ni nyepesi: kujiunga ni hiari, mchango unapangwa na wanachama wenyewe, viongozi wanachaguliwa kutoka miongoni mwao, na mfuko hautafuti faida. Nyanza na Magharibi mifuko ya aina hii ilipandikizwa juu ya vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa na vyama vya wakulima.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone pesa zinavyokwenda. Familia 200 zinachanga shilingi 1,200 kila moja kwa mwaka. Hizo ni 240,000, na kwa kijiji ni pesa za kuitisha mkutano. Mwaka huo wanawake watano wanajifungua kwa upasuaji. Tukikadiria 30,000 kila mmoja, 150,000 zimekwenda. Zimebaki 90,000, yaani shilingi 450 kwa kila familia, ambazo zinatakiwa zitoshe watoto wanaolazwa kwa malaria mvua za masika zikichanganya, wazee wa sukari na presha, na kijana wa boda boda aliyevunjika paja na kupewa rufaa kwenda Kisumu mjini. Huyo kijana peke yake anaumaliza mfuko. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila bili ya mifupa haipimwi kwa kibaba.

Na tatizo si uchache wa pesa tu. Katika familia 200, mwaka mmoja upasuaji unaweza kufanyika mara tatu na mwaka unaofuata mara tisa, na hakuna aliyekosea hesabu. Katika familia 20,000 idadi hiyo haiyumbi sana kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mhazini anaweza kupanga. Mfuko mdogo unaweza kuongozwa na watu waaminifu kabisa na bado ukafilisika kwa bahati mbaya tu. Kisha kijiji kitasema mhazini alikula.

Halafu kuna suala la nani anajiunga. Bima ikiwa hiari, wa kwanza kupanga foleni ni mjamzito na mzee anayemeza dawa za presha kila siku. Kijana mwenye nguvu anayekata miwa Muhoroni anasema atajiunga mwaka kesho. Dawa ya hilo inajulikana: unamsajili mtu na familia yake nzima, au unasajili chama kizima kwa pamoja, na unaweka muda wa kusubiri kabla ya kadi kuanza kufanya kazi. Vikundi vingi vilifanya hivyo. Vilevile vilijifunza kukusanya mchango wakati pesa ipo, mpunga wa Ahero ukishavunwa au kiwanda kikishalipa wakulima wa miwa. Kalenda ya ofisi za Nairobi haijui mambo hayo.

Hadi hapo, wataalamu na wanakijiji wanaelewana. Wanapoachana ni kwenye mlango wa zahanati.

Anachokutana nacho mwenye kadi

Fikiria zahanati ya kawaida ya mashambani siku ya kliniki. Benchi limejaa tangu saa moja. Muuguzi ni mmoja, na yeye ndiye anayepima, anayechanja, anayezalisha, anayegawa dawa na anayejaza fomu za kaunti. Mgonjwa amekuja na daftari la shule, lile la kurasa chache linalouzwa dukani, kwa sababu ndilo faili lake. Anaandikiwa humo.

"Mama, kipimo tunacho, lakini dawa yenyewe iliisha wiki jana. Nenda kemisti."

"Na kadi yangu, sista?"

"Kadi ni ya hapa, mama. Kule kemisti ni pesa."

Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni hana kadi, naye ameambiwa maneno hayo hayo. Basi mwenye kadi amenunua nini? Huyu mama akikataa kulipa mwaka unaofuata, atakuwa amefanya hesabu zake sawasawa. Mtu hukata bima ya kitu kinachopatikana. Kisipopatikana, mchango wake unakuwa sadaka.

Mzunguko wake unajulikana: zahanati haina dawa, watu wanaacha kuchanga, mfuko unashindwa kulipa, zahanati inakosa hata pesa ya kununua glavu na sabuni. Watu hubishana mzunguko huu uanze kukatwa wapi. Kwa maoni yangu, anayepaswa kutangulia ni anayetoa huduma. Kumdai mwanakijiji alipe kwanza, kisha aahidiwe ubora baadaye, ni kumkopa maskini bila riba.

Lakini mfuko wa jamii ulikuwa na nguvu moja ambayo hesabu za 240,000 hazionyeshi. Mgonjwa mmoja akifika hospitali ya misheni au kituo cha afya, analipa alichoambiwa na kunyamaza. Familia 200 zikija na mwenyekiti wao zinaweza kuketi na mganga mkuu wa kituo na kukubaliana bei ya kulazwa, nani atapokelewa kwa kitambulisho gani, na nini kitafanyika mwanachama akitukanwa wodini. Zinaweza pia kusema mwezi ujao tutapeleka wagonjwa wetu kwingine. Wanachama walikuwa wananunua sauti pamoja na matibabu, na nadhani sauti hiyo ilikuwa na thamani kuliko pesa zenyewe.

Kisumu ilipata somo kama hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2006, kwa ufadhili wa Ujerumani, ulianzishwa mpango wa vocha katika Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa miwili ya mabanda Nairobi. Mwanamke maskini alinunua vocha ya uzazi kwa shilingi 200. Kwa vocha hiyo alihudumiwa wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua na baada yake, katika kituo alichokichagua yeye, kiwe cha serikali, cha kanisa au cha mtu binafsi. Kituo kilikaguliwa kwanza kabla ya kuingizwa kwenye orodha, na kililipwa baada ya kutoa huduma. Kituo kilichotaka pesa za vocha kilibidi kiwavutie akina mama. Si bima kamili, na uliendeshwa kwa pesa za mfadhili. Ila ulionyesha kwamba mpangilio wa malipo unaweza kubadilisha jinsi mjamzito anavyopokelewa mlangoni.

Malipo yakipangwa vibaya, matokeo ni kinyume. Huko Nouna, Burkina Faso, mfuko wa jamii ulianza 2004 na vituo vikawa vinalipwa kwa kichwa cha kila mwanachama, hata aje mara ngapi. Wahudumu walizoea kunufaika na ada za papo kwa papo. Kwao mwenye kadi akawa kazi ya ziada isiyo na chochote, na watafiti waliofuatilia mpango huo walikuta manung'uniko hayo yakigusa namna wanachama walivyohudumiwa. Yaani unaweza kulipa bima na kwa sababu hiyo hiyo ukapokelewa vibaya zaidi.

Rwanda husifiwa kila mahali, na inastahili, lakini wanaoisifu huruka sehemu ya katikati. Majaribio ya mifuko yao yalianza 1999 katika wilaya tatu, kisha yakaenea nchi nzima. Watu hukumbuka michango ya wanakijiji na kusahau mambo mengine: serikali na wafadhili waliwalipia maskini kabisa, sheria ilifanya kujiunga kusiwe hiari tena, na katika miaka hiyo hiyo vituo vya afya vilianza kulipwa kulingana na kazi vilivyofanya na ubora wake. Mwaka 2015 mifuko ikakabidhiwa shirika la taifa la hifadhi ya jamii. Kijiji kilianzisha, dola ikaubeba mzigo.

Majirani zetu wa Tanzania walianza mapema zaidi, Igunga mwaka 1996, wakaupa Mfuko wa Afya ya Jamii sheria yake mwaka 2001. Kwa miaka mingi kilio cha wanachama kilikuwa kile kile cha mama wa daftari: tumelipa, dawa hakuna. Mfuko uliboreshwa 2018 ukawa na mchango wa shilingi 30,000 za huko kwa familia ya watu sita, na mwaka 2023 wakatunga sheria ya bima ya afya kwa wote.

Njia ya shilingi

Hapa kwetu, ukitaka kuelewa kwa nini zahanati hukaukiwa, acha bima kidogo uifuate shilingi.

Kuanzia 2010 serikali kuu ilituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo vya afya, na baadaye zahanati, kupitia mfuko uliojulikana kama HSSF. Kamati ya kituo, yenye wajumbe kutoka vijiji vinavyokizunguka, ndiyo iliyopanga matumizi. Hazikuwa pesa nyingi. Lakini zilitosha kumlipa mfagizi na mlinzi, kurekebisha tangi la maji, na kuongeza dawa shehena ilipochelewa. Ugatuzi ulipoingia 2013, afya ikahamia kaunti, na katika kaunti nyingi mapato ya vituo yakaanza kupitia akaunti kuu ya kaunti. Hospitali ikikusanya shilingi, shilingi hiyo ilikwenda makao makuu, na kurudi kwake kulitegemea bajeti, bunge la kaunti na mengineyo. Muuguzi mwenye bomba lililovunjika akawa anaandika barua.

Ndiyo sababu mimi huiona Sheria ya Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, ambayo haikuzungumzwa sana mitaani, kuwa na uzito kuliko kelele zote za makato ya bima ya afya. Inasema kituo cha umma kibaki na mapato yake na kiyatumie chenyewe. Iliidhinishwa Oktoba mwaka huo pamoja na sheria nyingine tatu, za afya ya msingi, afya ya kidijitali, na bima ya afya ya jamii, ile iliyotuletea SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa.

Kisumu ilikuwa imeshaonja ndoto ya matibabu kwa wote. Desemba 2018 majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa mjini humo, yakihusu kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada zikaondolewa hadi hospitali za kaunti, na watu wakamiminika. Wengi waliruka zahanati wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa, foleni zikafika nje na dawa zikawa zinaisha. Kuondoa bei bila kujaza kabati kulizaa ile ile dawa haipo, safari hii kwa umati mkubwa. Baadaye kaunti ikaja na mpango wake wa Marwa, wa kuzilipia bima familia zisizojiweza.

SHA imebadilisha nini

Tangu 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya taifa iliyokuwepo tangu 1966. Ina mifuko mitatu, na watu wengi wanaichanganya. Wa kwanza unalipia zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, kwa pesa za kodi. Huhitaji kuchanga kitu, unatakiwa kuwa umesajiliwa tu. Wa pili ndio wa michango, kwa hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa ya kudumu na mazito, unaoingia pale wa pili unapofika kikomo. Kwa hiyo anayekuambia hutibiwi zahanati mpaka ulipe amekudanganya, au amedanganywa.

Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima, fundi au mama mboga anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake: paa, kuta, choo, anapikia nini. Mashine inakadiria kipato chake na kumpangia mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Maswali haya huleta vichekesho na machozi. Nyumba ya mabati na simenti aliyojengewa na mwanawe aliyeko Mombasa inaweza kumfanya mjane asiye na kazi aonekane mtu wa uwezo.

Kisha unatakiwa kulipa mwaka mzima mapema, shilingi 3,600 kwa uchache. Muuza omena wa Usenge anaweza kuweka shilingi 10 kila siku bila kulalamika. 3,600 kwa mkupuo hana. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango kwa awamu. Ni hatua nzuri, ingawa kwangu inashangaza kidogo kwamba tumepita kwenye mkopo ili kupata kitu ambacho chama cha akina mama kimekuwa kikifanya chini ya mwembe miaka yote: kukusanya kila wiki na kulipa kwa jumla.

Hapo ndipo ninapouona mfuko wa kijiji ukiwa na kazi bado. Kubeba hatari iachiwe dola. Familia 200 hazina ubavu wa kulipia mifupa iliyovunjika, na hazipaswi kujaribu. Lakini kukusanya michango kwa kalenda ya mavuno, kumtambua jirani asiyejiweza bila kuhesabu mabati yake, na kukaa meza moja na msimamizi wa zahanati, hayo hayafanyiki kwa *147#, namba ya simu ya kujisajili SHA. SHA imekusanya pesa nyingi mahali pamoja, na hilo ndilo lililokosekana. Sauti nayo imehamia huko huko. Mwenye kadi akikosa dawa leo hana mwenyekiti wa kumfuata, ana namba ya simu. Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba mwaka 2023 na ambao ni zaidi ya 100,000 nchi nzima, wanawasajili watu nyumba kwa nyumba, ila hakuna aliyewapa mamlaka ya kuhoji kituo.

Aliye na mamlaka hayo ni kamati ya kituo. Ipo, ina wajumbe wa kijiji, na mara nyingi hukutana kupitisha kilichokwisha kuamuliwa. Chama chochote kinachowalipia wanachama wake SHA kinaweza kuiomba taarifa ya karatasi moja kila baada ya miezi mitatu: wagonjwa wangapi waliosajiliwa walihudumiwa, zahanati iliidai SHA kiasi gani, ililipwa kiasi gani, na kiasi gani kilinunua dawa. Ikiwa ilidai nyingi ikalipwa kidogo, shida iko Nairobi. Ikiwa ililipwa lakini pesa hazimo kwenye akaunti yake, waulizwe wa kaunti, na sheria ya 2023 iwekwe mezani. Pesa zikiwemo na dawa ziliagizwa Kemsa, shirika la serikali linalosambaza dawa, lakini hazikuletwa, jambo la kuuliza ni kama kaunti inadaiwa huko. Na pesa zikiwemo, wala hakuna kilichoagizwa, basi jibu analo mmoja wa walioketi kwenye kikao hicho.